Sheria ya Akili Unde: Mzigo Aubebe Nani?

Septemba 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, watengenezaji wa programu ya mazungumzo iitwayo Claude, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na waandishi wa vitabu. Kampuni hiyo ilikuwa imepakua mamilioni ya vitabu kutoka maktaba za kiharamia za mtandaoni. Mgao ukapigiwa hesabu: takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vinavyokaribia nusu milioni. Ni fedha nyingi, na si kawaida kampuni ya teknolojia kulipa waandishi kiasi hicho. Ila ukisoma masharti ya nani anaingia kwenye mgao unakuta kwamba kitabu lazima kiwe kilisajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, tena ndani ya muda maalumu baada ya kuchapishwa. Mtunzi wa riwaya aliyechapishwa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye hajawahi kufikiria kupeleka fomu Washington, hana chake hata kama kitabu chake kilikuwemo kwenye lundo lile. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nimeanza na kesi hiyo kwa sababu inaonyesha mahali mjadala wa kudhibiti akili unde zalishi, yaani ile inayotunga maandishi, picha, sauti na video kwa kufuata maelekezo ya mtumiaji, unapopotelea. Kila mara tunaulizwa: idhibitiwe au iachwe huru? Swali hilo limeshapitwa. Teknolojia hii tayari iko chini ya sheria za hakimiliki, za taarifa binafsi, za kazi, za kashfa na za makosa ya mtandao. Kinachobishaniwa mahakamani na bungeni ni nani abebeshwe mzigo. Na wanaoweza kubebeshwa ni wengi: aliyeandika kitabu, aliyekipakua, aliyekaa Nairobi akichambua matusi ili mashine isiyarudie, kampuni iliyofunza modeli (ule mfumo wa ndani unaotunga maandishi au picha), benki au shirika la ndege lililoinunua, na mwishoni kabisa kijana aliyesambaza picha ya uongo kwenye WhatsApp.

Msimamo wangu ni kwamba sheria ya haki humtwisha mzigo mwenye uwezo wa kuzuia madhara na anayevuna faida. Sheria tulizo nazo Afrika Mashariki, kwa sasa, ni nyepesi kumkamata yule kijana wa mwisho kuliko kuwafikia waliomtangulia.

Vitabu vilivyomezwa

Tuanze na hakimiliki, maana ndiko kwenye kesi nyingi na fedha nyingi. Modeli haihifadhi vitabu kwenye rafu. Inapofunzwa hupitishwa kwenye wingi wa maandishi usio na kifani, ikibashiri kipande cha neno kinachofuata, na kila ikikosea, namba zake za ndani husogezwa kidogo. Kazi hiyo hurudiwa hadi zibaki namba mabilioni ambazo, zikipewa mwanzo wa sentensi, hutoa mwendelezo wake. Lakini ili maandishi yapitishwe humo ni lazima kwanza yanakiliwe, na kunakili ni haki ambayo sheria imemwachia mwenye kazi. Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Je, nakala iliyochukuliwa kwa ajili ya kufunza ilikuwa halali? Na je, modeli yenyewe, ikishakamilika, ni nakala?

Marekani hulijibu swali la kwanza kwa kanuni ya matumizi ya haki, ambapo jaji hupima mambo kadhaa: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Juni 2025 majaji wawili wa mahakama moja ya San Francisco waliamua kesi mbili zinazofanana, wakipishana siku mbili. Jaji William Alsup, katika ile kesi ya Anthropic, alisema kufunza modeli kwa vitabu ni matumizi ya haki kwa sababu kinachotoka ni kitu kipya, na kununua kitabu kisha kukiskani nako hakuna kosa. Kupakua nakala za wizi na kuzirundika kwenye maktaba ya kudumu, akasema, ni jambo jingine kabisa. Mapatano ya dola bilioni 1.5 yalitokana na sehemu hiyo ya pili. Jaji Vince Chhabria, aliyesikiliza kesi dhidi ya Meta, wenye Facebook, aliipa kampuni ushindi huku akiandika kwamba katika hali nyingi kufunza bila ruhusa kutakuwa kinyume cha sheria. Waandishi wale walishindwa, kwa maelezo yake, kwa kuwa hawakuleta ushahidi wa namna mashine inavyoweza kulifurika soko lao kwa maandishi ya bei poa. Kwa ufupi aliwaambia mawakili: hoja mlikuwa nayo, ila hamkuileta.

Swali la pili limeigawa Ulaya. Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya Getty Images, kampuni inayouza picha, dhidi ya Stability AI, iliamua kwamba modeli ya kutengeneza picha haihesabiwi kuwa nakala haramu, kwa sababu haihifadhi picha ndani yake. Wiki moja baadaye, tarehe 11, mahakama ya Munich ikaamua kwa mwelekeo mwingine katika kesi ya GEMA, chama cha Ujerumani kinachosimamia haki za watunzi wa muziki, dhidi ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT. Mashairi ya nyimbo 9 yaliweza kutolewa na ChatGPT karibu neno kwa neno, basi yamo ndani ya modeli, na kuwamo humo ni kunakiliwa. Zote ni hukumu za ngazi ya kwanza, kwa hiyo hazijafunga mjadala. Mimi naona Munich walikuwa karibu zaidi na ukweli wa mambo: ikiwa mashine inaweza kukusomea shairi zima, kusema shairi hilo halimo ndani yake ni mchezo wa maneno.

Kuna jambo dogo katika kesi ya London ambalo kwetu ni kubwa. Getty ilikuwa imelalamika pia kuhusu ufunzaji wenyewe, kisha ikaliondoa dai hilo, kwa sababu hakukuwa na ushahidi kwamba modeli ilifunzwa ndani ya Uingereza. Sheria ya nchi moja haifuati kompyuta zilizoko nchi nyingine. Sasa fikiria Kenya, ambayo Sheria yake ya Hakimiliki ya 2001 ina vifungu vizuri tu, na modeli hakuna inayofunzwa Nairobi kwa kiwango cha akina OpenAI. Mwandishi anaweza kuwa na haki zote kwenye karatasi na asiwe na pa kuzidai.

Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya imejaribu kuziba mwanya huo kwa njia ambayo ningependa Dodoma na Nairobi waichunguze kwa makini. Tangu tarehe 2 Agosti 2025, anayetaka kuingiza modeli ya matumizi ya jumla kwenye soko la Ulaya anapaswa kuwa na sera ya kuheshimu hakimiliki ya Ulaya na kuchapisha muhtasari wa data alizozitumia kufunza. Maelezo ya utangulizi wa sheria hiyo yanasema wajibu huo upo popote pale ufunzaji ulipofanyika. Sheria imeshikilia soko, haikushikilia seva. Ulaya ina wateja milioni 450 na inaweza kuweka masharti ya namna hiyo. Nchi moja ya Afrika Mashariki ikiweka peke yake, kampuni inaweza kuamua kutouza huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiweka kwa pamoja, au Umoja wa Afrika, ambao Julai 2024 uliidhinisha mkakati wa bara zima kuhusu akili unde, hesabu inabadilika.

Hata Ulaya, hata hivyo, wajibu wa mwanzo umeachwa kwa mwandishi. Agizo lao la hakimiliki la 2019 linaruhusu kuchimba data kutoka maandishi yaliyopatikana kihalali, isipokuwa pale mwenye haki alipokataa waziwazi, tena kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma. Japani imekwenda mbali zaidi na tangu marekebisho ya 2018 inaruhusu karibu kila uchambuzi wa data, mradi usimuumize mwenye kazi isivyo haki. Utaratibu wa kukataa unamfaa mchapishaji mwenye tovuti yake na fundi wake. Mshairi wa Lamu anayeweka tungo zake Facebook hana mahali pa kuandika hilo kataa, kwa sababu ukurasa si wake. Ukitaka utaratibu huu uwe wa haki kwake, lazima pawe na chama kinachokataa au kukubali kwa niaba yake na kumgawia malipo. Vyama vya aina hiyo tunavyo, na wanamuziki wa Kenya wamekuwa wakilalamikia migao yao kwa miaka mingi, kwa hiyo sitasema hapo ndipo tatizo linapokwisha.

Kuhusu nani anamiliki kile mashine inachotunga, nitapita haraka. Marekani inadai mtunzi binadamu, na Mahakama ya Rufaa ya Washington ilithibitisha hivyo Machi 2025. Sheria ya Kenya, ikifuata ile ya Uingereza ya 1988, inamtaja mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta kuwa ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo iwepo. Siku moja jaji wa Nairobi ataombwa aseme kama kuandika maelekezo ya mistari miwili ni maandalizi.

Mashine ikisema uongo

Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia nchini Kanada liliamua shauri dogo sana kwa fedha. Abiria aliyefiwa aliiuliza programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Programu ikamwambia asafiri kwanza, halafu ataomba punguzo baadaye. Haikuwa kweli. Alipodai fedha zake, shirika lilijitetea kwa namna ambayo, kwa maelezo ya baraza, ni sawa na kusema programu ile ni mtu anayejitegemea na inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza halikukubali. Kilichomo kwenye tovuti ya shirika ni cha shirika, kiwe kimeandikwa na karani au kimetungwa na mashine. Abiria akalipwa dola zipatazo 800 za Kanada.

Hukumu hiyo haikuhitaji sheria mpya hata moja. Benki ya Mwanza ikiweka programu kama hiyo na ikampotosha mteja kuhusu riba, naamini hakimu wetu anaweza kufika palepale kwa kanuni za kawaida za mkataba na uzembe.

Mambo huwa magumu pale mwathirika si mteja wa mtu yeyote. Mtangazaji mmoja wa redio wa jimbo la Georgia, Marekani, aliishitaki OpenAI baada ya ChatGPT kumwambia mwandishi wa habari kwamba mtangazaji huyo alishitakiwa kwa wizi wa fedha za taasisi. Ulikuwa uzushi mtupu. Mei 2025 alishindwa. Mahakama ilitazama maonyo ambayo programu humpa mtumiaji, na kwamba mwandishi aliyeletewa uzushi ule hakuuamini. Kwa mizani ya sheria ya kashfa ya Marekani hukumu hiyo inaeleweka. Kwa mizani ya haki inanitatiza, maana inaelekea kusema kwamba kadiri mashine inavyojulikana kwa uongo, ndivyo mwenye mashine anavyokuwa salama.

Ulaya ilianza kulishughulikia tatizo hilo kwa muswada wa agizo la fidia ya madhara ya akili unde, uliopendekezwa Septemba 2022. Mwanzoni mwa 2025 Tume ya Ulaya ikatangaza kuuondoa. Kilichobaki ni agizo jipya la dhima ya bidhaa, litakaloanza kutumika Desemba 2026, ambalo kwa mara ya kwanza linasema wazi kwamba programu ni bidhaa. Mtengenezaji akiuza programu mbovu ikamuumiza mtu, atawajibika kama aliyeuza jiko la gesi linalovuja.

Kwetu hali iko kinyume. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa mtandao: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kenya, kwa sheria yake ya 2018, iliweka makosa ya kuchapisha taarifa za uongo yenye faini ya hadi shilingi milioni 5 za huko, na kwa kosa kubwa zaidi kifungo cha hadi miaka 10. Chukua video bandia ya mgombea akisema asichokisema. Aliyeitengeneza kwa hila anastahili kushitakiwa, hilo halina ubishi. Lakini anayekamatika kirahisi ni shangazi aliyeituma kwenye kikundi cha familia akidhani ni kweli, au mchekeshaji aliyeitengeneza kwa kejeli. Aliyeuza chombo cha kuigiza sauti ya mtu yeyote bila kuuliza ridhaa hatajwi popote. Sheria pana ya uongo, mikononi mwa dola, haijawahi kuishia kwa waongo tu.

Wengi hudhani dawa ni alama za kuonyesha kwamba picha au video imetungwa na mashine. China inazidai kwa kanuni zilizoanza Septemba 2025, na sheria ya Ulaya nayo inazidai. Sizikatai. Ila alama zilizofichwa ndani ya faili hupotea picha ikipigwa skrini na kutumwa tena, na mwenye nia mbaya hatumii programu inayoweka alama. Alama zinawafaa wakweli kuthibitisha ukweli wao, na kwa kazi hiyo zina thamani.

Waliochambua uchafu

Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walikuwa wakilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa watoto kwa ajili ya OpenAI. Bila watu kuainisha maandishi ya namna hiyo, mashine hairekebishiki kwa urahisi na haiuziki ofisini. Mkataba wa OpenAI na Sama, kwa taarifa hiyo, ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Julai 2023 baadhi yao walipeleka ombi bungeni wakitaka kazi hiyo ichunguzwe.

Ukiisoma sheria nzima ya Ulaya, yenye vifungu 113, hutakuta kinachowalinda watu hawa. Inauliza data ni bora kiasi gani, haiulizi aliyeiandaa alilalaje usiku. Hapa hatuna sababu ya kungoja Brussels. Sheria ya kazi ni yetu, afya ya akili kazini ni suala letu, na mahakama zetu zimeshaonyesha njia: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo na wachuja maudhui walioachishwa kazi, ingawa kampuni ilidai haina makao Kenya na haikuwaajiri yenyewe. Muswada unaotaka kuwa wa haki ungeandika kanuni hiyo kwa maneno machache: anayefaidi kazi hawezi kujificha nyuma ya wakala.

Silaha iliyopo kabatini

Machi 2023, mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Italia iliizuia ChatGPT kuchakata taarifa za Waitalia, na huduma ikafungwa nchini humo kwa karibu mwezi mzima. Ilirudi baada ya OpenAI kuweka maelezo yaliyo wazi zaidi, fomu ya kukataa taarifa zako zitumike kufunzia, na hatua za kuhakiki umri. Wakati huo sheria ya akili unde ya Ulaya ilikuwa bado muswada. Kilichotumika ni sheria ya kawaida ya taarifa binafsi.

Kenya inayo tangu 2019, Uganda tangu mwaka huohuo, Rwanda tangu 2021, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Zina meno. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman wa OpenAI ni mmoja wa waasisi wake, kufuta taarifa za kibayometriki zilizochukuliwa kwa Wakenya waliopanga foleni kupigwa picha za mboni ili wapate sarafu za kidijitali. Ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha fedha haikukubaliwa kuwa ridhaa. Kenya na Tanzania zote zinampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na hilo litakuwa na uzito siku kampuni za mikopo ya simu zitakapoiachia modeli ya lugha kuamua nani akopeshwe na nani atishiwe. Tume zipo. Zinachohitaji ni mafundi wanaoelewa modeli, bajeti, na uhuru wa kumgusa hata aliye serikalini.

Silaha hiyo haifiki kila mahali. Chukua sauti. Watu wengi wamejitolea kusoma sentensi za Kiswahili kwa ajili ya mradi wa Common Voice wa Mozilla, na rekodi hizo hutolewa bure kwa yeyote. Ni mchango mkubwa kwa wanafunzi na watafiti wetu. Ni zawadi vilevile kwa kampuni tajiri itakayotuuzia Kiswahili chetu kwa dola kila mwezi. Redio ya Wamaori ya Te Hiku Media, New Zealand, iliamua vingine: ikatunga leseni inayotaka faida ya data ya lugha yao iwarudie wenye lugha. Sidhani kila kitu kifungwe hivyo, kwa sababu sisi ni zaidi ya milioni mia moja na lugha yetu haina mlinda mlango mmoja. Lakini ningependa aliyetoa sauti aulizwe.

Kisha kuna ukubwa. Sheria ya Ulaya inaziwekea masharti mazito zaidi modeli zilizofunzwa kwa hesabu zinazozidi 1 ikifuatiwa na sifuri 25, kiwango ambacho ni kampuni chache duniani zinakifikia, na faini zake hupimwa kwa asilimia ya mauzo ya dunia nzima. Kigezo hicho kina kasoro, kwani modeli ndogo nazo zinazidi kuwa na nguvu, na Novemba 2025 Tume yenyewe ilipendekeza kusogeza mbele baadhi ya tarehe za sheria hiyo. Ila wazo la kupima mzigo kwa ukubwa wa mbebaji ni zuri, na kuna hatari kwamba bunge letu likinakili sheria ya Ulaya kwa haraka, litachukua fomu na leseni na kuacha kipimo. Vijana wanne wa Kigali wanaofunza modeli ndogo ya kujibu maswali ya wakulima hawawezi kulipa wanasheria wa kuandika ripoti za kurasa 200. Wasajiliwe kwa fomu fupi, watangaze data walizotumia, waeleze nani wa kumlalamikia mkulima akishauriwa vibaya. Wakichezea taarifa za watu, sheria ya Rwanda ya 2021 tayari inawahusu.